Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi ni mtu wa hasira, nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Hasira zangu ni za fundi cherehani: hazina makelele, lakini nikikaza mdomo hata paka wa jirani anajua siku imeharibika. Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabara, meza ya kukatia, cherehani mbili, na pasi ya mkaa ambayo mke wangu ameapa haitaingia ndani kwake. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamevaa kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mtoto wangu mwenyewe ana kasoro kichwani, niliona aibu. Sikumwonea aibu yeye, nilijionea mimi. Mpaka leo nikikumbuka hilo najichukia.

Binti yangu ana miaka minane. Nyumbani tunamwita Mkaguzi. Jina hilo alilipata kabla hajafikisha miaka mitano, siku aliyochukua vipande viwili vya mikono ya shati mezani kwangu, akavigeuza, akavilinganisha na mabega yake, akasema, "Baba, huyu mtoto ana mikono miwili ya kushoto." Nikamwambia aende akacheze. Kisha nikavitazama. Kweli kabisa. Nilikuwa nimetandika kitambaa safu mbili, zote uso juu, badala ya kukikunja uso kwa uso, na mkasi ukanipa mikono miwili ya upande mmoja. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikampa chaki yake mwenyewe.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Katika chumba changu kuna sheria moja, niliirithi kwa fundi aliyenifundisha: kipande kilichokosewa hakishonwi, na hakisemwi mbele ya mteja. Mteja akishasikia neno kosa, basi, ataliona kwenye kola, kwenye vifungo, hata kwenye uso wako. Unachofanya ni kuweka alama ya eksi kwa chaki pembeni ya kipande, unakitupia kwenye kapu chini ya meza, unafunga mdomo. Mteja akiondoka, kapu linatolewa, tunakaa, tunaulizana: hiki kina nini? Mkaguzi aliishika sheria hiyo kuliko mimi mwenyewe. Mteja angeweza kumsemesha saa nzima, kumpa peremende, kumchekesha, na yeye anajua kapu limejaa makosa yangu, lakini mdomo kama umeshonwa. Mteja akishageuza mgongo tu, anavuta kapu. "Haya baba, tuulizane."

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Alipofika darasa la tatu barua zilianza kuja. Mtoto hatulii. Mtoto anamaliza kazi yake kisha anazunguka kukagua madaftari ya wenzake. Mtoto amemwuliza mwalimu mbona ubao umepigiliwa ukiinamia mlangoni, na alipoambiwa akae amesema hawezi kuandika kwa kufuata kitu kilichopinda. Mwalimu wake wa darasa alikuwa binti mdogo tu, mwenye sauti iliyochoka kuliko umri wake na wanafunzi sabini na mmoja mbele yake. Simlaumu sana. Mimi nilikuwa na huyo mmoja tu nyumbani na kuna siku nilijificha chooni.

Kisha likaja lile la wembe. Katikati ya somo la hesabu, mwalimu aligeuka kutoka ubaoni akamkuta Mkaguzi yuko chini ya dawati, ana wembe wa kuchongea penseli, anafumua pindo la sketi ya mwenzake. Huyo mwenzake amekaa zake raha mustarehe, anaendelea na hesabu. Nilipoitwa nikamwuliza mwanangu kulikoni. Akaniambia pindo lilikuwa limeshonwa chini juu, sketi inamvuta upande mmoja, kila akikaa anajikuna, na yeye Mkaguzi hawezi kufikiri mtu akijikuna pembeni yake. Sindano na uzi alikuwa navyo, amevichomeka kwenye kola. Upande mmoja alikuwa ameshaupiga bandi, ile mishono ya kushikiza kwa mkono. Niliikagua ile bandi, na haki ya Mungu, ilikuwa imenyooka kuliko zangu za asubuhi.

Lakini mwalimu hakuona bandi. Aliona mtoto ana wembe. Na mimi ningekuwa yeye ningeona hivyohivyo.

Basi akaitwa mtaalamu wa kupima akili za watoto. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyetumwa na ofisi ya elimu, anazunguka shule kumi na nane akiwa na mkoba mweusi, kila shule anaifikia mara moja kwa muhula. Alimweka Mkaguzi katika stoo ya madawati mabovu, akampa karatasi yenye maswali arobaini, akatoka akamwachia nafasi. Wiki iliyofuata tukaitwa mimi na mke wangu ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mzazi, kaa," mwalimu mkuu akaniambia. Yeye huniita fundi siku zote. Nilipoitwa mzazi nikajua kuna jambo.

Mtaalamu alizungumza taratibu, kwa upole, huku akigusa karatasi zake. Akasema mtoto ana tatizo la kutotulia na kutosikiliza, na juu ya hilo uelewa wake uko chini ya umri wake. Katika maswali arobaini amepata sita.

"Sita?" mke wangu akaruka. Yeye anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anaamka kabla ya jogoo, na maneno yake huwa ya moto. "Mtoto huyu nikiwa na trei kumi na saba za mikate, nikamtajia kila trei ina mingapi, ananipa jumla kabla sijafunga kanga. Sita ya nini, mama?"

"Ni kawaida, mama. Watoto wa aina hii wanaweza kuwa na kipaji kimoja kinachowadanganya wazazi." Akageuza karatasi kwake, hatukuiona. "Alishindwa maswali matatu mfululizo, la saba, la nane na la tisa. Mtoto akishindwa matatu mfululizo, utaratibu unasema tunaacha kuhesabu pale pale. Nilipomwuliza kwa nini ameyaacha, hakunijibu neno. Alinitazama tu. Nimeuliza mara tatu."

Wakataka saini mbili. Moja ya kumhamishia kitengo, kile chumba cha nyuma ya jiko la shule ambako watoto wa kila umri wasioyaweza madarasa ya kawaida hukaa pamoja. Ya pili ya kumpeleka kliniki aanzishiwe vidonge vya kumtuliza.

"Fundi, usitie saini," mke wangu akasema. "Mwanangu haumwi. Amechoshwa tu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu. Sare za shule ile zote nashona mimi. Mwalimu mkuu ni mteja wangu wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amekaa mbele yangu amevaa suruali niliyomkatia mwenyewe, ananitazama, anangoja. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema mwanangu anajua mkono wa kushoto na wa kulia wa shati tangu hajaota meno ya mbele. Nilitaka kuomba kuiona ile karatasi. Mdomo haukufunguka. Miaka yote nimejizoeza kuufunga mbele ya mteja, na siku niliyouhitaji ukawa umeganda. Nikachukua kalamu nikatia saini zote mbili. Mke wangu akanyanyuka akatoka, akaniacha na kiti chake kikiyumba.

Hakunisemesha siku nne. Nyumba ikawa na sauti ya vijiko tu.

Vidonge vilifanya kazi, hilo siwezi kulikataa. Asubuhi kimoja baada ya chai. Wiki ya kwanza Mkaguzi alilalamika mdomo mkavu, chakula kikawa hakipiti. Wiki ya pili akatulia. Aliporudi kutoka kitengo alikuwa anaweka begi mahali pake, anavua viatu, anakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mikono mapajani. Hazunguki. Hanifuati jikoni kuniuliza kama sifuri ni kitu ama si kitu, na kama si kitu mbona inakalia nafasi. Nilikuwa nashona magauni sita kwa siku bila mtu kunikatiza. Na nilifurahi, nasema ukweli mchungu. Siku moja nilimpapasa kichwa nikamwambia, "Siku hizi umekuwa mtoto mzuri." Akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Kapu lilikaa tupu. Nikajiambia nimeanza kukata vizuri.

"Huyu si mtoto wangu," mke wangu aliniambia jioni moja, amesimama mlangoni na unga kwenye nyusi. "Jana nimemtajia trei makusudi nikakosea jumla. Kaniambia sawa mama. Sawa mama! Lini umemsikia huyu akisema sawa mama?"

"Anakua," nikamjibu.

"Anazimika," akasema, akapita ndani.

Ikapita kama miezi miwili. Kliniki wakataka ripoti ya shule kabla ya kuongeza dawa, na mwalimu mkuu akanipa faili nilipeleke mwenyewe. Alikuwa ameliweka kwenye bahasha kubwa ya kaki, na kwa kuwa gundi imekwisha, karani alikuwa ameishona mdomo kwa uzi mweupe. Akanionya, "Ni ya daktari tu, mzazi." Haya. Unampa fundi cherehani bahasha iliyoshonwa, mishono mirefu ya kivivu, halafu unamwambia asifungue. Nilifika nayo chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikachukua kifumulio, na katika dakika moja uzi ulikuwa mezani, mzima, haujakatika hata mahali pamoja.

Karatasi ya maswali ilikuwa katikati. Nikaifungua nikijua nitakutana na nafasi tupu. Sikukutana na tupu. Pembeni ya swali la saba kulikuwa na alama ndogo ya eksi, imewekwa kwa penseli, mstari wa kulia umezidi kidogo ule wa kushoto. Alama hiyo naijua kama ninavyoijua sauti yake. Ilikuwepo kwenye la saba, la nane, la tisa, na moja mbele huko, la ishirini na mbili. Mengine yote yalikuwa yamejibiwa kwa mwandiko wake wa kubana. Thelathini na sita. Hakuna mtu aliyeyasahihisha baada ya la tisa.

Nikalisoma la saba. Zungushia vitu viwili vinavyofanya jozi. Picha nne: kiatu, kikombe, kiatu, jani. Nikavitazama vile viatu. Aliyechora alikuwa amechora kimoja akakinakili. Vyote viwili vya kushoto.

La nane, saa ya ukutani. Mshale mrefu kwenye sita, mshale mfupi umekaa barabara juu ya namba tatu. Hii ni saa ngapi? Nilikodoa macho dakika nzima kabla sijaelewa. Ikifika nusu, mshale mfupi unakuwa umeshasogea katikati ya tatu na nne. Saa ya namna ile haipo duniani. La tisa, endeleza: tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne, arobaini na sita. Arobaini na sita! Mtu alipiga chapa akakosea nane akaandika sita, na ikapita hivyo. Na la ishirini na mbili lilisema kaka ni mrefu kuliko dada, dada ni mrefu kuliko mama, mama ni mrefu kuliko kaka, nani mfupi kuliko wote.

Nilikaa chini. Vipande vinne vilivyokosewa, na vyote alikuwa ameviwekea alama.

Alipotoka shule nilimkalisha mezani nikamwonyesha. "Hizi eksi ni zako?"

"Zangu."

"Yule mama alipokuuliza kwa nini hukujibu, mbona hukumwambia?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si alikuwa mgeni, baba. Karatasi ni yake. Mbele ya mwenyewe hatusemi." Akili yake siku hizo ilikuwa inakuja polepole, inabidi umngoje. "Niliweka eksi, nikangoja mtu aje tuulizane. Nilingoja kule stoo mpaka kengele ikalia."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikujua ameingia saa ngapi. Akaweka mkono begani kwangu, mzito, nikajua hajanisamehe ila ameniona nilivyo. Mimi nililia. Sikuona haya.

Kesho yake nilikuwa getini shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Bahati, ilikuwa ndiyo wiki ya yule mtaalamu. Nilimkuta kwenye stoo anapanga karatasi, nikamwamkia, nikamwekea ile ya Mkaguzi mbele yake. Alitaka kuniuliza nimeipata vipi, nikamwomba anisikilize kwanza. Nikaweka kidole kwenye viatu.

"Mama, mimi ni fundi wa nguo. Nikikuletea mikono miwili ya namna hii utaivaa?"

Akavaa miwani. Akavitazama viatu. Akahamia kwenye saa, akaenda kwenye namba, midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Kisha akavua miwani akaiweka chini polepole.

"Karatasi hii nimeitumia miaka saba," akasema.

"Na watoto wengine walijibu nini hapa?"

"Walijibu." Sauti ilikuwa imemshuka. "Kila mtoto alizungushia viatu. Kila mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Hakuwa mtu mbaya. Nilikwenda na hasira zangu zote nimezibeba kifuani, nikakosa pa kuzitua. Akaniambia hawezi kubadilisha alama zilizokwisha kuandikwa, lakini anaweza kumpima upya hapo hapo, siku ileile. Karatasi iliyoidhinishwa ni moja tu, ni hiyohiyo. Nikakubali. Nikamfuata Mkaguzi kitengo. Chumba kilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni, watoto kama ishirini wanapaka rangi picha ya ndizi, na mwanangu alikuwa ameipaka yake ndani ya mistari, sawasawa, njano tupu. Nikapiga magoti nikamwambia, "Utapewa yale maswali tena. Jibu unavyojua wewe." Hayo ndiyo niliyomwambia. Sikumwambia kwamba safari hii aseme. Niliona kama maneno yanajitosheleza. Nimekata vitambaa maisha yangu yote na bado sijui kupima maneno.

Nusu saa. Mtaalamu akaja ofisini kwa mwalimu mkuu, nilikokuwa nangoja, na karatasi mkononi, uso wake umekaa vibaya. Maswali arobaini, majibu arobaini. Mkaguzi alikuwa amezungushia viatu. Kwenye saa ameandika saa tisa na nusu. Kwenye namba ameandika tisini na sita, yaani amelijua kosa, amelirekebisha kichwani, akatoa jibu wanalolitaka. Kwenye urefu ameandika mama. Hakukuwa na eksi hata moja.

Mwalimu mkuu alinyanyuka akanipa mkono. "Hongera, fundi! Kutoka sita mpaka arobaini! Unaona sasa? Dawa imefanya kazi. Kitengo kimefanya kazi. Nilikwambia."

"Mwalimu, mtoto alikuwa anajua tangu mwanzo," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilisema mbele ya mteja. "Karatasi ndiyo mbovu. Mwulize mama hapa."

Mwalimu mkuu akamgeukia mtaalamu. Mtaalamu akatazama mkoba wake. "Zipo picha chache hazikunakiliwa vizuri," akasema. Basi, ni hayo tu.

Alinifuata nje kwenye korido. "Baba, nielewe. Nikiandika kwamba karatasi ina makosa, itabidi niandike na habari za watoto wote wa miaka saba. Wengine wako vitengo mpaka leo. Nipe muda." Akanipa fomu. Ilisema maendeleo mazuri sana chini ya matibabu, inapendekezwa yaendelee mwaka mzima. Chini kulikuwa na nafasi ya saini ya mzazi, irudishwe Jumatatu.

Niliikunja nikaitia mfuko wa shati. Njiani nilimshika Mkaguzi mkono, hakuuvuta. Zamani alikuwa anauvuta kila hatua kumi, kuna kitu cha kutazama.

Mke wangu aliisoma ile fomu akiwa amesimama. "Jumatatu nakwenda kliniki mwenyewe," akasema. "Nitamkalia daktari mpaka anisikilize, na vidonge atavipunguza yeye kwa mkono wake. Wewe, Fundi, kazi yako ni kuikataa hiyo saini. Safari hii sitoki kwenye kiti."

Jumamosi tulikuwa wawili chumbani, mimi na mwanangu. Nilikuwa na shati la kumaliza. Usingizi sikuupata siku mbili, na nilikata asubuhi nikiwa sijui mkasi uko wapi na mkono wangu uko wapi. Nilimpa vipande abane kwa pini, kazi aliyoizoea. Akabana mabega, akabana mikono, akanisogezea. Nikaweka chini ya sindano, nikashona kushoto, nikashona kulia. Mkono wa kulia ukawa unanigomea. Unajikunja kwapani, unataka kwenda nyuma. Nikautoa nikautandika mezani juu ya kipande kile kingine.

Vyote viwili vya kushoto. Nilikuwa nimetandika uso juu, kama siku ile.

Na yeye alikuwa ameibana, pini kwa pini, kwa uangalifu, akivuta kitambaa kidogo kidogo kikubali mahali kisipotaka.

"Mkaguzi," nikamwita. Niliizuia sauti isipande. "Hukuona?"

"Niliona."

"Lini?"

"Ulipokuwa unatandika."

"Sasa mbona hukuweka eksi?"

Alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. "Ulisema siku hizi nimekuwa mtoto mzuri," akasema. "Nilidhani na wewe unataka nijaze tu, kama kwenye ile karatasi."

Nikachukua kifumulio nikaanza kuutoa ule mkono, uzi ukanikatikia, nikajaribu tena, sioni. Yeye akanyanyuka kwenye kigoda, akanichukulia kifumulio mkononi, akafumua mwenyewe, mshono mmoja mmoja, kama nilivyomfundisha. Ulipotoka akauweka mbele yangu. Akafungua droo, akatoa kipande cha chaki, ile yake, imebaki ndogo.

"Aliyekosea nani?" akauliza. Ndivyo tulivyokuwa tunaulizana zamani.

"Mimi."

"Basi weka mwenyewe."

Nikaweka eksi kwenye mkono wa shati. Kisha nikatoa fomu mfukoni, nikaikunjua, nikainyoosha mezani kwa kiganja, mahali penye nafasi ya saini pakawa juu. Nikaweka eksi na hapo. Kuna mengi ya kukabili Jumatatu, mwalimu mkuu na sare zake, daktari, kile chumba cha nyuma ya jiko.

Mkaguzi aliinama akaitazama ile alama kwa karibu, akaigusa kwa kidole, chaki ikatoka.

"Kwenye karatasi haishiki, baba," akasema. "Tumia kalamu."